Wimbo Waliowapa Wafu

Wimbo wangu ukisikika, watu wa mji wetu, Kamina, wanauliza: "Nani?" Hawaulizi nani anapiga. Wanauliza nani amekufa. Mwanamke anayepita na beseni la samaki wakavu anasimama, anaweka mkono shavuni, anangoja jina. Jina lisipokuja anakasirika kana kwamba nimemwibia kitu. Na mimi nakasirika, maana aliyeibiwa ni mimi. Basi tunabaki watu wawili wenye hasira, yeye njiani na mimi dirishani, na wimbo wenyewe haukumkosea mtu.

Sikusoma sana. Niliacha shule kabla ya kumaliza sekondari, baba alipoanza kuugua. Labda aliyesoma angeyaeleza haya kwa utulivu. Mimi nina kawaida ya kuandika jioni yale yaliyonipata mchana, na mara nyingi nikisoma niliyoandika jana naona nimemwonea mtu, basi narudi juu ya mstari namtendea haki. Hapa pia nitajaribu. Lakini hasira sitaifuta. Nikiifuta hakuna kitakachobaki.

Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Zamani watu wa reli walikuwa na klabu yao ya kunywa na kucheza dansi, na mle ndani mlikuwa na piano. Klabu ilipofungwa kila mtu alichukua alichoweza: viti, meza, hata milango. Baba alifika amechelewa, kama desturi yake, akakuta imebaki piano peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba. Aliileta juu ya toroli ya reli mpaka karibu na sité, mtaa wetu, kisha wenzake wakaisukuma kwenye mchanga huku wakimtukana yeye na wazazi wake. Mama alitoka jikoni akaizunguka. Akauliza: "Hii kintu inakulaka nini?" Baba akasema haili kitu. "Basi ibakie," mama akasema, akarudi kusonga bukari, ugali wake.

Piano hiyo ilikuwa na sauti kali, ya kupigia watu wanaokunywa. Mimi nilitaka sauti ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na sikio. Ndani yake kuna nyundo ndogo zinazopiga nyuzi; nilichana kikwembe cha zamani cha mama, kilichokuwa kimelainika kwa kufuliwa, nikakitundika kati ya nyundo na nyuzi. Toka siku ile piano inasikika kama iko chumba kingine. Hakuna aliyenifundisha. Baadaye nilisikia kwamba na huko mbali watu hufanya hivyo, kwa kitambaa cha kununuliwa. Nilifurahi, halafu nikasikitika kidogo, maana nilidhani ni jambo langu.

Muziki wangu hauna maneno, hauna ngoma, hauna mahali pa kuinuka na kucheza. Unakwenda polepole, unarudia, unanyamaza, unaendelea. Naurekodi kwa simu, na nisipoweza kuzuia sauti za nje naziacha: treni inayopangwa mabehewa, njiwa juu ya mabati, mvua. Mtandao ukikubali naupeleka, na kuna watu wachache wa nchi za mbali wanaousikiliza. Mmoja aliniandikia kwamba anausikiliza akipaka rangi nyumba za watu. Sijui kama wanaupenda kweli au wananihurumia. Hapa kwetu wasikilizaji wangu walikuwa wale wanaoniachia simu na radio zao nizitie moto kwenye paneli yangu ya jua, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mzee mmoja alikaa akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniuliza: "Mama, hii wimbo itaanza saa ngapi?"

Huyo sikumkasirikia. Nilicheka naye.

Wimbo ninaousema hapa niliutoa kwa mama. Mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, hatwangi kama wanawake wengine. Ananyanyua mchi, anauacha juu kidogo kana kwamba amesahau, kisha anaushusha. Na baada ya mapigo kadhaa anasimama, anakwangua majani yaliyopanda ukingoni mwa kinu, halafu anaendelea. Mkono wangu wa kushoto ni ule mchi. Mkono wa kulia ni mambo anayowaza, ninavyodhani mimi, kwa sababu hasemi. Na mahali anapokwangua, mikono yote miwili inaondoka, panabaki pengo. Pengo hilo nililipenda kuliko noti zote. Mama alilitambua siku ya kwanza. Hakusifu, si mtu wa kusifu. Alisema tu, "Pale njo nakwangulaka." Toka hapo, mchana akimaliza kazi, alikuwa anakuja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuagiza: "Piga ile ya kinu." Nilikuwa na msikilizaji mmoja anayeagiza. Mwanamuziki hahitaji wengi kama anao wa namna hiyo.

Sasa nieleze namna ulivyotoka nyumbani.

Radio moja ya hapa mjini ilikuwa na kipindi cha wasanii. Waliniita, nikapeleka wimbo kwenye ufunguo wa kompyuta, kile kidude cha kuhifadhia sauti, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Walinihoji vizuri. Mtangazaji alisema muziki wangu unafaa kwa mtu asiyepata usingizi, watu wakacheka, mimi pia. Nilirudi nyumbani nikijisikia msanii. Ule ufunguo waliniambia nitauchukua siku nyingine.

Siku chache baadaye, saa sita mchana, nilikuwa nachambua nyaya za wateja. Radio ya jirani ilianza kutoa komunike za vifo. Mgeni wa hapa ajue kwamba kwetu kifo kinasafiri kwa radio: familia inapeleka komunike, nayo inasomwa ili iwafikie watu wa Malemba-Nkulu, wa Bukama, wa vijiji visivyo na mtandao. Na kabla ya jina hupigwa muziki wa huzuni, ili mwenye kelele anyamaze. Siku ile muziki ulikuwa wangu. Nilisikia mchi wa mama ukipanda na kushuka. Kisha likaja lile pengo, na ndani ya pengo mtangazaji akaingia na sauti nzito: "Familia ya marehemu…"

Alikuwa ameingia mahali mama anapokwangua kinu.

Nilidhani ni kosa la siku moja. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Pengo lilimfaa mtangazaji kupita kiasi, kama mlango uliokatwa kwa kipimo chake. Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Wangeuharibu ningesema hawajui kazi. Waliutumia vizuri.

Siku zile niliona mama haagizi. Mchana mmoja nilikaa kwenye piano mwenyewe nikaanza, nikimwangalia kwa pembeni. Hakungoja nifike kwenye pengo. Alisimama, akachukua kigoda chake.

"Usinipigie tena ile," akasema. "Unanizika, minyi niko nakuangalia."

Akaenda kukaa upande wa jiko. Nilifunga kifuniko cha piano kwa nguvu, mpaka waya mmoja ukalia ndani. Nilikuwa na msikilizaji mmoja, na sasa radio imeniondolea yule mmoja. Nilijiambia kwamba sitatulia mpaka wimbo wa mama urudi kwa mama.

Nilikwenda radioni. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Lakini mkurugenzi alinipokea kwa heshima, akanifutia kiti kwa leso yake, akaniuliza habari za mama. Ni vigumu kumtukana mtu aliyekufutia kiti. Nikasema kwa kigugumizi kwamba sikuwapa wimbo kwa ajili ya komunike, niliwapa kwa ajili ya kipindi. Alitikisa kichwa kama anakubali, kisha akaeleza upande wake, nami nauandika kama alivyousema. Muziki wa zamani wa komunike ulikuwa kwenye kaseti iliyochakaa. Siku moja kaseti ilijikunja katikati, marehemu wa watu akatangazwa kwa sauti ya bata. Familia ilikuja kuwavunjia madirisha. Walipojaribu wimbo wangu watu waliwapigia simu kushukuru.

"Mama," akasema, "sasa bantu banalia muzuri. Zamani balikuwa nalia ovyo."

Nikamwambia mama yangu yuko hai na ule ni mchi wake. Alisikitika kweli, niliona. Kisha akafikiri, akanipa dawa: kila komunike ikianza, mtangazaji atataja jina langu, ili heshima iwe yangu. Nilimwambia akithubutu kulitaja jina langu mbele ya marehemu, watu wa mji huu watanikimbia kama mchawi. Akasema, basi, yeye amekwama. Radio haiwezi kutangaza wafu bila muziki. "Tutengenezee nyingine," akasema. "Ukileta ya wafu kabisa, tutakurudishia ya mama."

Ilikuwa haki. Nilikwenda nyumbani nikaitengeneza, na niliitengeneza kwa moyo, kwa sababu nilimkumbuka marehemu baba yangu. Naamini ni kazi nzuri kuliko ile ya kinu. Waliipiga asubuhi moja na mchana mmoja. Jioni familia ya marehemu ikafika radioni kulalamika: kwa nini wengine wametangazwa na ule wimbo wenyewe, na baba yao ametangazwa na wimbo wa kujifunzia? Je, ni kwa sababu wao ni watu wa kijijini? Mkurugenzi alinipigia simu, sauti yake imechoka. Mchi wa mama ukarudi hewani siku iliyofuata. Ile ya baba yangu nilirudishiwa, pamoja na ufunguo wangu.

Niseme pia jambo ambalo ningependa kulificha. Katika siku hizo alikuja mwanamke mmoja kutoka vijiji vya upande wa mto, ameniletea simu ya kutia moto. Alisikia kwa wateja wengine kwamba ndimi mwenye wimbo wa komunike. Mume wake alikufa mbali, mahali pasipofikika kwa sababu ya watu wenye bunduki, akazikwa na wageni. Yeye alichopata ni ile komunike tu. Alinishika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao. "Wafwako," akasema, asante. Akaniambia kwamba wakati wimbo ulipokuwa ukipigwa aliona kama anatembea nyuma ya jeneza.

Nilimtilia simu yake moto mpaka ikajaa. Halafu, alipoondoka, nilikasirika kuliko mwanzo, kwa sababu sasa hata hasira yangu ilikuwa na doa. Ningefanya nini, nimnyang'anye yule mama jeneza lake?

Lakini na mimi nina mama.

Basi nikafanya ukaidi. Mchana mmoja mama alikuwa ameenda shambani, saa za komunike zikiwa zinakaribia, nikafungua dirisha nikaupiga wimbo wangu. Kwangu. Kwenye piano ya baba. Sikuufunika, sikuupunguza. Nilitaka kuusikia walau mara moja bila jina la mtu ndani yake.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa mama mmoja ambaye mume wake, mzee wa reli aliyestaafu, alikuwa amepelekwa Lubumbashi kwa matibabu ya tumbo. Toka aondoke, mke huyo hakuwa na usingizi wala hakuwa na habari. Na radio yake, bahati mbaya, ilikuwa kwangu inatiwa moto. Mimi nililijua hilo. Ila sikuliunganisha na kitu kingine chochote.

Yeye aliliunganisha. Alisikia wimbo ukitoka dirishani kwangu, saa ya komunike, akadhani ni radio yake inayolia. Na pengo lilipofika hakusikia jina, akadhani ni kwa sababu ya umbali, akalijaza mwenyewe. Jina alilokuwa nalo kichwani lilikuwa moja.

Nilisikia yowe, nikadhani ni nyoka. Nilipotoka nilimkuta amelala mchangani mbele ya mlango wake, kitambaa cha kichwa kimedondoka, anamwita mume wake kwa Kiluba. Kabla sijamfikia, wanawake walikuwa wamekwisha kuja, mikono kichwani, kila mmoja akiokota kilio pale mwenzake alipokiacha. Nilisema, "Apana, ilikuwa minyi, ilikuwa piano." Mama mmoja mzito alinikumbatia na kunikandamiza kifuani, akanifariji: "Lia tu, mutoto. Alikuwa baba ya shiye bote." Mtu anayeeleza katikati ya kilio hasikilizwi, wanamwona ni mwenye uchungu kupita wengine. Wanaume wakaleta kuni za moto wa kilio. Viti vya kanisa vikatoka. Mmoja akaanza kuulizia mbuzi wa marehemu amefungwa wapi.

Shemeji wa mgonjwa ndiye aliyekumbuka kwamba ndugu wa Lubumbashi wanapaswa kuulizwa mwili utakuja kwa treni gani. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili wazee wasikie. Simu ikapokelewa na marehemu.

Kilio kilikatika, watu wakasogea.

"Ni nani iko nalia namna ile?" sauti ikauliza.

"Shiye," shemeji akasema. "Kuko kilio huku."

"Nani alikufa?"

Shemeji aliangalia kulia na kushoto, hakupata msaada. "Weye."

Kisha tukasikia mzee anakohoa, na ndani ya kukohoa anacheka. "Basi musichinje mbuzi yangu," akasema. "Minyi mwenyewe nitakuja kumukula."

Mke wake alicheka na kulia kwa pamoja, akinyang'anya simu amtukane. Kila mtu alicheka. Halafu kicheko kikaisha, na kama kawaida ya watu waliotoa machozi bure, wakaanza kutafuta aliyewalipisha. Wakageuka.

Mkutano ulifanywa kesho yake kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Nakiri kwamba hawakunipiga wala kunitukana. Aliyelizwa bure, yule jirani, hakuwa hata na neno baya. Alikaa ameinamisha kichwa kwa aibu, na aliponiona alinisogezea nafasi kwenye benchi. Wazee ndio walikuwa na maneno. Walisema mtu aliyeliliwa akiwa hai ameitiwa kifo, na kilio hicho lazima kiondolewe: nitoe kuku mweupe na pemba, ule udongo mweupe wa kupaka. Sikubisha. Kuku nilimtoa. Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Shefu, mtu mpole anayependa kumaliza mambo kabla ya chakula, alisema kwa maoni yake piano hiyo haifai kukaa nyumbani kwa watu. Ipelekwe kanisani. Huko vilio vipo kwa utaratibu.

"Hatukukatazi kupiga, mama," akaniambia. "Lakini wimbo ya kilio haipigwake mu nyumba bila maiti."

Nilisimama kusema. Nilikuwa na maneno mengi: kwamba wimbo haukuwa wa kilio, kwamba radio ndiyo iliyoufanya hivyo, kwamba kama mtu akivaa shati langu kwenda kuiba hawawezi kulifunga shati langu. Yote yalijazana mlangoni na hakuna lililopita. Nilisema kitu kama "Siyo," nikakaa. Hasira ikizidi inanifanya mjinga, na wao walidhani nimekubali.

Mama alikuwa nyuma kabisa, pamoja na wanawake. Aliinuka taratibu, anavyoinuka siku hizi, mkono gotini.

"Ile wimbo iko yangu," akasema. "Njo kinu yangu ile. Kama munasema iko ya wafu, basi saa hii muko naongea na mufu." Akawatazama mmoja mmoja. "Na mufu anabauliza: mulikula?"

Wazee wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba wamekasirika. Shefu alijikuna shingo. Mama hakucheka. Akawaambia kabla ya kubeba kitu cha mume wake waje kwanza uani kwake wausikie wimbo pale ulipozaliwa. Wakiona ni kilio, watabeba piano, na yeye atawasaidia kusukuma.

Wakaja. Si wote, ila shefu alikuja na wazee wawili, na jirani yangu, na wapita njia waliodhani kuna kitu kinagawiwa. Mama alikuwa ameweka kinu chini kabisa ya dirisha, majani ya muhogo yamejaa. Alinionya asubuhi kwamba nisimfuate yeye wala yeye hatanifuata. Kila mtu afanye kazi yake. Nilianza. Mchi wake ukaingia juu ya mkono wangu wa kushoto, si sawasawa, saa nyingine mbele kidogo, saa nyingine nyuma. Kupitia dirishani niliona nyuso za watu zinaanza kulegea na kutafuta jina. Mmoja alishaweka mkono shavuni.

Pengo likafika. Nikaondoa mikono.

Mama akakwangua kinu, *kwaru kwaru*, na kwa kuwa kuku walikuwa wamekwisha kusogelea majani kama kila siku, akapiga kelele kwa sauti yake ya kila siku: "Shii! Toka, weye kuku, hauna haya!"

Yule wa mkono shavuni aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Wimbo ukaendelea, pengo likarudi, na mama tena: "Minasema toka!" Mara ya tatu watu walikuwa wanalingoja pengo, wakamfukuza kuku pamoja naye. Shefu alikuwa miongoni mwao. Sijawahi kupigia watu wengi namna ile uani kwetu, na sijawahi kuusikia wimbo wangu ukiwa mzima kiasi kile. Hata hivyo, nikiwa mkweli, sehemu yangu moja iliudhika. Ulikuwa wimbo wa kimya, sasa una kuku.

Piano ilibaki. Shefu alisema tu kwamba nikitaka kuupiga mchana, mama awe uani, watu wamwone. Nilimrekodi kama alivyo, na mchi wake na kuku wake, nikapeleka radioni. Mkurugenzi alisikiliza, akacheka mpaka akafuta macho kwa ile leso ya kiti. Akasema ni nzuri sana, lakini hawezi kuweka marehemu juu ya kuku.

"Njo maana nimekuletea," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Alielewa kwamba nataka wimbo utoke kwa wafu, na alinihurumia, na hakubadilisha kitu. Ile ya zamani, ya pengo tupu, bado inapigwa asubuhi, mchana na jioni. Iko kwenye simu za watu, iko kwenye vipaza sauti vya kilio. Yule mzee wa tumbo alirudi kutoka Lubumbashi amekonda, akamla mbuzi wake kama alivyoahidi, akanitumia mguu mmoja. Lakini wimbo sikurudishiwa, na sioni nani atakayenirudishia. Nimejaribu kuacha kukasirika, kwa sababu ya yule mjane wa mto. Sijaweza. Labda hayo ni mambo mawili na yote yatakaa.

Mama ameanza tena kuagiza ile ya kinu, ila hakai tena kwenye kigoda. Anasimama nje na mchi wake. Na saa sita, radio za majirani zinapoanza kwa pamoja, nyumba hadi nyumba, namwona anaacha alichokuwa anafanya. Anangoja. Pengo likifika, kabla mtangazaji hajafungua mdomo, mama anasema "Shii, toka," hata kama hakuna kuku hata mmoja uani. Kisha anaweka mkono shavuni na kusikiliza jina la mtu wa watu mpaka mwisho, kama inavyopasa.